Risiti, dizeli na mfuko wa taka

Tathmini ya athari za jumuiya ya wanafunzi kwa mazingira huanzia kwenye faili la mweka hazina. Risiti za muhula mmoja zinaonyesha zilinunuliwa rimu ngapi za karatasi, katoni ngapi za maji, na mafuta kiasi gani ya jenereta na ya basi.

Usafiri ndio huwashangaza wengi. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takribani kilo 2.7 za kaboni dayoksaidi, kwa hiyo basi dogo la Coaster lililotumia lita 60 kwenda na kurudi ziara ya kimasomo huacha hewani kilo 160 na ushei. Ofisi yenyewe, kwa taa zake mbili na kompyuta moja, ni jambo dogo, ingawa ndiko kunakobandikwa karatasi za kuhimiza watu wazime taa.

Taka hazina risiti. Hupimwa kwa mkono. Kesho yake baada ya mkutano mkuu, mifuko humwagwa juu ya turubai, glavu zikavaliwa, na kila aina ikawekwa kwenye mizani: chupa, mabaki ya pilau, sahani za kutupa. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Juni 1, 2019, lakini chupa za maji zinaruhusiwa, nazo hujaza nafasi upesi. Mabango ya uchaguzi ni kesi ya peke yake: yana sura na mwaka, hivyo hayatumiki tena, isipokuwa labda kuezekea banda la kuku.

Hesabu zote hugawanywa kwa idadi ya wanachama, ili mwaka wenye wanachama wengi ulinganishwe kwa haki na mwaka wenye wachache.