Urithi usiotaifishwa: Somo la Kakira kwa wafanyabiashara wa mpakani

MALI ya urithi inaweza kuteketea usiku mmoja. Mfanyabiashara anayevusha mzigo Busia, Malaba au Rusumo analijua hilo. Lakini upo urithi mwingine ambao hauandikwi kwenye hati wala haufungiwi ghalani. Historia ya familia ya Madhvani ya Uganda inauonyesha vizuri.

Mwaka 1908, kijana Muljibhai Madhvani aliondoka Gujarat, India, akaja Uganda kufanya kazi katika biashara ya jamaa zake. Alianzia dukani. Kutoka duka akaingia kwenye pamba, na mwaka 1930 kiwanda cha sukari kikaanza Kakira, karibu na Jinja. Duka hadi kiwanda, ni zaidi ya miaka 20.

Njia hiyo haikuwa sawa kwa wote. Chini ya ukoloni, wafanyabiashara Waafrika walibanwa katika leseni na mikopo, huku Waasia wakipata nafasi. Ni haki kulisema. Hata hivyo, wengi waliopata nafasi hiyo hawakufika mbali.

Familia hiyo ni ya Wahindu wa jamii ya Lohana. Imani ya Kihindu inahesabu wajibu na sadaka kuwa sehemu ya ibada. Muljibhai alifariki mwaka 1958, na mwaka 1962 ukaanzishwa mfuko wa hisani wenye jina lake, ambao umesomesha wanafunzi wa Uganda.

Siku 90

Mtihani mkubwa uliwakuta watoto. Mwana mkubwa, Jayant, aliyeshika usukani baada ya baba, alifariki mwaka 1971. Mdogo wake, Manubhai, hakukaa sana kwenye kiti hicho. Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia na kuwapa siku 90. Manubhai alitiwa katika gereza la kijeshi la Makindye, kisha akaondoka nchini. Kiwanda, mashamba na nyumba vyote vikabaki nyuma.

Swali lilikuwa moja: mrithi aliyenyang'anywa urithi amebaki na nini?

Jibu lilikuja mwaka 1985, familia iliporudi Kakira. Mitambo ilikuwa imechakaa na mashamba yameota vichaka. Kilichobaki ni ujuzi wa kazi na jina linaloaminika. Jina hilo ndilo lililofungua milango ya wakopeshaji, wakiwamo Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki, yenye makao makuu Kampala. Kazi ya kufufua kiwanda ilichukua miaka mingi. Leo Kakira hununua miwa kwa maelfu ya wakulima wanaoizunguka, na makapi ya miwa huzalisha umeme unaoingia gridi ya taifa.

Manubhai alifariki mwaka 2011, akiwa ameona kilichopotea kikisimama tena.

Cha kubeba

Mama anayeuza vitenge kati ya Kigoma na Bujumbura hana kiwanda cha kumrithisha mwanawe. Lakini ana wateja wanaomkopesha bila karatasi, ana njia anazozijua, na ana neno lake. Hayo nayo ni mtaji, na yanaweza kufa naye asipoyarithisha akiwa hai.

Mtoto afundishwe mapema: aende naye mpakani wakati wa likizo, awajue wasambazaji kwa majina, aone daftari la madeni linavyoandikwa na kulipwa. Wosia uandikwe, ndugu wasije wakagombea mzigo ulio njiani. Na faida isiliwe yote.

Mali bila malahaka hudumu kwa msimu. Anayerithi duka bila kurithi uaminifu wa mwenye duka, amerithi rafu tupu. Anayerithi uaminifu, hata akifika mpakani mikono mitupu, yupo wa kumwambia: chukua mzigo, utalipa ukirudi.