Suti ni ya usiku mmoja, mtaji ni wa mwaka mzima

Mfanyabiashara wa Kasulu au Kibondo anapofungua robota la mitumba huwa na ombi moja moyoni: nguo ziwe zile zinazotoka. Shati la mikono mifupi linatoka. Suruali ya jinzi inatoka. Sweta na jaketi vinatoka, hasa Juni na Julai wakati baridi ya nyanda za juu inapouma alfajiri. Lakini suti ya sufu ya vipande viwili, hata ikiwa ya daraja la kwanza, hukaa kwenye henga miezi na miezi ikikusanya vumbi la barabarani. Kila mpita njia huishika, huisifu, huuliza bei na kwenda zake.

Suti hiyo haina kasoro. Shida yake ni kwamba ina siku chache za kuvaliwa. Mtu mmoja huihitaji kwa harusi, kwa mahafali, kwa kipaimara cha mtoto, basi. Ukurasa huu leo unaitazama biashara ya mavazi rasmi kupitia mlango ambao wasomaji wetu wengi hawajaupita: meli kubwa za kitalii. Ni sehemu chache duniani ambako swali la "nivae nini jioni hii" limepangiwa ratiba na kuandikwa kama huko, na jibu ambalo wenye meli walilipata lina faida kwa mwenye duka la nguo huku Kigoma.

Meli mbili, kiwanda kimoja

Tuanze na meli tunayoifahamu. MV Liemba ilijengwa mwaka 1913 katika kiwanda cha Meyer, mjini Papenburg, Ujerumani, ikiitwa Graf von Goetzen. Ilifunguliwa vipande vipande, ikafungwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam na kupandishwa reli hadi Kigoma. Ilishushwa majini mwaka 1915, Wajerumani wenyewe wakaizamisha mwaka 1916, ikaopolewa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Kwa miongo mingi ilibeba abiria na mizigo kati ya Kigoma na Mpulungu, Zambia, kabla ya kusimamishwa kwa matengenezo.

Kiwanda hicho hicho cha Papenburg leo hujenga meli za kitalii. Mojawapo ni Norwegian Dawn, iliyokamilika mwaka 2002 ikiwa na nafasi ya abiria zaidi ya 2,000. Mwanzoni mwa mwaka 2024 meli hiyo ilifika katika pwani ya Tanzania. Hivyo mafundi wa mji mmoja walitupatia meli ya wauza dagaa na maharage, na wakawapatia wengine meli ya kula, kuogelea na kucheza muziki. Kinachotofautiana sana kati ya safari hizo mbili ni kile ambacho abiria hutia kwenye sanduku lake.

Kampuni na kampuni

Watu wengi hudhani kwamba nauli ikiwa kubwa, mavazi nayo huwa makubwa. Sivyo. Kila kampuni ina desturi yake, na abiria huijua kabla ya kulipa.

Kampuni ya Cunard ya Uingereza ndiyo inayoshikilia sana mambo ya zamani. Meli yake Queen Mary 2, iliyoanza kazi mwaka 2004, huvuka Bahari ya Atlantiki kati ya Southampton na New York, kwa kawaida kwa usiku saba. Katika safari kama hiyo huwa kuna karibu jioni mbili za sherehe. Wanaume hutakiwa kuvaa suti nyeusi ya jioni yenye tai ya kipepeo, au angalau suti ya rangi nzito na tai. Wanawake magauni marefu au mavazi mengine ya heshima. Asiyetaka kujipamba hafukuzwi, ila hupangiwa sehemu chache za kulia na kukaa usiku huo.

Kampuni ya Norwegian, yenye hiyo Norwegian Dawn, ilikwenda njia nyingine. Tangu mwaka 2000 iliondoa ulazima wa jioni rasmi. Abiria huvaa apendavyo, isipokuwa migahawa michache ndani ya meli hutaka mwanamume awe na suruali ndefu. Viking nayo, ambayo nauli zake si za mtu wa kipato cha chini, haina usiku wa mavazi rasmi kabisa. Shati safi lenye kola latosha, na tai ni hiari ya mtu.

Mfanyabiashara ajifunze hapo jambo la kwanza. Uzito wa mfuko wa mteja hauonyeshi atanunua nguo ya aina gani. Kinachoonyesha ni mahali anakokwenda na desturi ya mwenye nyumba.

Njia nayo ina amri yake

Mbali na kampuni, njia yenyewe huamua. Anayekwenda visiwa vya Karibi hubeba nguo nyepesi na za kuogelea. Anayekwenda Alaska kutazama barafu hubeba sweta na koti lisilopenya maji, na suti yake hubanwa chini ya sanduku. Meli ikitia nanga Zanzibar, mgeni aliyekuwa na kaptura na fulana ya mikanda huombwa afunike mabega na magoti kabla ya kuingia Mji Mkongwe. Hapo kanga na kikoi hupata mnunuzi bila kutangazwa.

Nasi tuna njia zetu. Msafiri wa Kasulu anaposhuka kilomita karibu 90 hadi Kigoma hutoka kwenye baridi na kuingia kwenye joto la ziwani, na akilala juu ya sitaha upepo wa usiku humkumbusha tena sweta alilotaka kuliacha nyumbani. Liemba haikuwa na sheria ya tai, hata kwa daraja la kwanza. Lakini ilikuwa na sheria ya maji: vijiji vingi vya mwambao havina gati, kwa hiyo abiria waliletwa kwa mtumbwi na kupanda melini huku mawimbi yakirusharusha. Sketi ya kubana na kiatu cha kisigino havikufaa. Mama mfanyabiashara aliyejua safari alifunga kitenge juu ya nguo zake, akavaa kandambili, na gauni zuri akalikunja ndani ya mfuko wa nailoni kwa ajili ya huko aendako.

Kwa hiyo muuza nguo anayelenga wasafiri wa ziwa aweke jaketi jepesi, suruali imara, kitenge na mfuko usiopitisha maji. Hizo ni bidhaa za kuuza, kwa sababu huvaliwa, huchakaa, na mteja hurudi.

Siku mbili kati ya saba

Sasa turudi kwenye suti. Abiria wa safari ya usiku saba anayehitaji mavazi rasmi kwa jioni mbili ana swali la kibiashara: kwa nini anunue na kubeba vazi zito ambalo siku tano litaning'inia kabatini? Makampuni kadhaa ya meli yaliliona swali hilo yakaanza kuwakodishia abiria suti za jioni. Abiria alitoa vipimo vyake kabla ya safari, akaikuta suti melini, akaivaa, akairudisha. Suti moja iliweza kuhudumia wanaume wengi kwa mwaka.

Hali ya mteja wa Kasulu na Kibondo haina tofauti kubwa. Msimu wa harusi hufuata mavuno, fedha za maharage na mahindi zinapokuwa mkononi. Bwana harusi na wasimamizi wake wanataka suti kwa Jumamosi moja. Jumatatu wanarudi shambani, dukani au darasani. Kumwomba mtu huyo anunue suti ni kumwomba afungie fedha zake kabatini. Nawe unayemsubiri anunue umeshafungia zako kwenye henga.

Biashara ya kukodisha shela inafahamika mijini, na bibi harusi haoni aibu kuvaa gauni lililokwisha kuvaliwa na mwingine. Suti ya mwanamume yafaa iendeshwe kwa hesabu hiyo hiyo.

Hesabu ya suti moja

Tuchukue mfano, namba zikiwa za kuonyesha njia tu. Kila mtu aweke bei za soko lake. Tuseme suti nzuri umeipata kwa shilingi 60,000. Ukiiuza kwa 90,000 unapata faida ya 30,000 mara moja, na huenda ukaisubiri miezi minane.

Ukiikodisha kwa shilingi 20,000 kila sherehe, kisha ukatoa 4,000 za kufua, kupiga pasi na fundi wa kurekebisha, unabaki na 16,000. Ikikodishwa mara nne imeingiza 64,000, yaani mtaji umerudi. Ikifika mara kumi imeingiza 160,000. Ondoa mtaji, faida ni 100,000, na suti ingali mali yako, unaweza kuiuza kwa bei ya chini.

Lakini ikikodishwa mara tatu tu, umeingiza 48,000 na bado unadai 12,000 za mtaji wako. Namba ya kuishika kichwani ni nne. Kabla ya kununua suti kumi, jiulize kama mtaa wako utatoa mikodisho 40. Pitia makanisa na misikiti, kumbi na kamati za harusi, uhesabu sherehe za mwaka uliopita. Utafiti huo haugharimu zaidi ya soli za viatu.

Tahadhari kwa mwenye mtaji mdogo

Kwanza, robota halikupi suti zinazofanana. Litakupa moja ya bluu, moja ya kijivu, moja yenye mistari. Bwana harusi hutaka wasimamizi wake wawe rangi moja. Ni afadhali kuelewana na fundi cherehani akakushonea suti sita za kitambaa kimoja, za vipimo tofauti, na upindo wa kutosha kwa kuongeza au kupunguza.

Pili, chukua amana. Suti iliyopata mafuta ya pilau au kuungua na pasi ni hasara yako kama hukuandikiana. Daftari, sahihi, simu ya mdhamini na siku ya kurudisha ni sehemu ya mtaji.

Tatu, usikodishe kila kitu. Sare za kitenge ambazo kamati na ndugu hushona kwa harusi ni za kuuza, maana mama atakivaa tena kitenge hicho ibadani na sokoni. Mwalimu na karani wanaovaa koti kila wiki ni wanunuzi wa kweli, wauzie. Anayekodi ni yule ambaye kwake vazi lina siku moja au mbili.

Nne, angalia mwelekeo. Ikiwa hata meli za kitalii nyingi zimelegeza tai, vijana wetu nao wanaelekea kwenye koti lisilo na tai na shati la kitenge. Usinunue suti za miaka kumi ijayo kwa mtindo wa mwaka huu. Nunua zile zitakazorudisha fedha yake ndani ya misimu miwili ya mavuno.

Ushauri wetu kwa wenye maduka ya nguo Kasulu na Kibondo ni huu: wiki hii shusha nguo zote kwenye henga uzigawe mafungu mawili. Fungu la kwanza ni nguo ambayo mteja ataivaa zaidi ya mara kumi kwa mwaka. Iuze, hata kwa faida ndogo, ili fedha izunguke. Fungu la pili ni nguo ya mara moja au mbili; ifue, ipige pasi, uandike bei ya kukodi. Utakachoshindwa kukiweka katika fungu lolote kiuze kwa bei utakayopata, nafasi hiyo ya henga uwekee sweta.