Ugumu wa Uvimbe wa Titi Unatoka Wapi?

Muuguzi mzoefu anapopapasa titi lenye saratani, mara nyingi vidole vyake hukutana na kitu kigumu, chenye kingo zisizo sawa, kilichoshikamana na nyama inayokizunguka. Ugumu huo ni miongoni mwa dalili za kale katika utabibu, na kwa muda mrefu ulichukuliwa kuwa ni ugumu wa saratani yenyewe. Kumbe seli za saratani, zikipimwa moja moja, kwa kawaida ni laini kuliko seli zenye afya. Kinachokataa kubonyea chini ya kidole ni protini zilizorundikana na kukazwa katikati ya seli hizo. Kuzifahamu protini hizo kunasaidia kujibu maswali mawili yanayosikika kila siku kliniki: kwa nini jibu la sindano nyembamba likisema "hakuna saratani" wakati mwingine halitoshi, na je, ni kweli kwamba sindano huitawanya saratani?

Hakuna seli ya titi inayoishi ikielea peke yake. Mirija ya maziwa imelala ndani ya kiunzi cha protini na sukari ambacho seli hukifuma na kukifumua katika maisha yote ya mwanamke: wakati wa balehe, katika ujauzito, wakati wa kunyonyesha na baada ya mtoto kuachishwa ziwa. Wanabiolojia hukiita kiunzi hicho matriksi. Protini iliyo nyingi zaidi humo ni kolajeni, ambayo ni kamba iliyosokotwa kwa nyuzi tatu. Laminini, pamoja na aina mojawapo ya kolajeni, hufuma utando mwembamba unaouzingira mrija wa maziwa mfano wa mkeka. Fibronektini huunganisha hiki na kile. Juu ya seli kuna vipokezi viitwavyo integrini, ambavyo upande wa nje huishika matriksi na upande wa ndani huushika mfumo unaoipa seli umbo lake. Kwa vipokezi hivyo seli nayo hupapasa mahali ilipo na kupata habari: pako laini au pamekaza, igawanyike au itulie.

Wazo kwamba matriksi huiamuru seli halikupokewa kwa urahisi. Mwaka 1982 Mina Bissell, mzaliwa wa Tehran aliyekuwa akifanya utafiti Berkeley, California, alipendekeza pamoja na wenzake kwamba mazungumzo ni ya pande mbili: jeni za seli huijenga matriksi, na matriksi nayo huamua ni jeni zipi zifanye kazi. Miaka miwili baadaye maabara yake ilitoa ushahidi uliowashangaza wengi. Ilikwisha kujulikana tangu mwaka 1911, kwa kazi ya Peyton Rous, kwamba virusi fulani husababisha saratani kwa kuku. Virusi hivyo vilipodungwa katika kiinitete cha kifaranga kingali ndani ya yai, havikuleta uvimbe, ingawa vilikuwa hai na vikifanya kazi. Tishu ile ilipovunjwavunjwa na seli zake kukuzwa katika sahani ya maabara, seli ziligeuka kuwa za saratani. Jeni ya saratani ilikuwepo muda wote, ila mahali ilipokuwa hapakuiruhusu kutawala.

Mwaka 1997 Valerie Weaver na Bissell walilisogeza jambo hilo hadi kwenye seli za titi la mwanadamu. Walizikuza ndani ya ute wenye laminini nyingi. Seli zenye afya zilijipanga katika viduara vidogo vilivyo mithili ya vifuko vya maziwa, ilhali seli za saratani zilirundikana ovyo. Walipoizuia integrini moja kwa kutumia kingamwili, seli za saratani ziliacha kuzaliana na zikajipanga kama zile zenye afya. Jeni zao zilibaki na kasoro zilezile. Isidhaniwe kwamba hiyo ilikuwa tiba, kwani kazi ilifanyika maabara. Thamani yake ni kuonyesha kwamba kasoro ya jeni peke yake haisimulii habari yote ya saratani ya titi.

Ndani ya uvimbe halisi mazungumzo hayo hupotoka hatua kwa hatua. Seli za saratani huzichochea fibroblasti, yaani seli ambazo kazi yake ya kawaida ni kutengeneza kolajeni pale kidonda kinapoponywa, zifume kolajeni kupita kiasi. Mwanapatholojia Harold Dvorak aliufananisha uvimbe, mwaka 1986, na kidonda kisichopona, na ni vigumu kupata mfano ulio bora zaidi. Kisha kimeng'enya kiitwacho lisili oksidesi hufunga kamba moja ya kolajeni kwenye nyingine, fundo baada ya fundo, hata nyama iliyokuwa ikibonyea hukaza. Katika panya wa maabara, uvimbe wa titi umepimwa ukawa mgumu zaidi ya mara 20 kuliko titi lenye afya. Seli inayoupapasa ugumu huo hupokea amri ya kuendelea kugawanyika na kusukuma mbele. Nayo inapofanya hivyo, huzidi kuukaza ugumu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba kimeng'enya hicho kikizuiwa katika panya, ukuaji wa saratani hucheleweshwa.

Mpangilio wa nyuzi nao una maana. Nyuzi za kolajeni zikiuzunguka uvimbe kama kamba iliyofungwa kwenye mzigo, seli hubanwa ndani. Zikisimama na kuelekea nje, huwa njia ambayo seli huifuata kuingia katika nyama ya jirani. Mwaka 2011 watafiti nchini Marekani waliripoti kwamba wanawake ambao nyuzi katika uvimbe wao zilielekea nje walikuwa na matokeo mabaya zaidi.

Ni hapa ambapo biolojia hii inaingia moja kwa moja katika chumba cha uchunguzi. Sindano nyembamba hunyonya seli zilizolegea. Katika uvimbe uliojaa kolajeni, seli zimenaswa, na sindano hiyo huweza kutoka na seli chache mno au bila seli yoyote. Jibu litasomeka kwamba seli za saratani hazikuonekana, na mwanamke atarudi nyumbani akishukuru. Jibu hilo halimwondolei mashaka ikiwa vidole vilikuta kitu kigumu au picha ya ultrasaundi ilionyesha kivuli kisichoeleweka. Mambo matatu, yaani mkono, picha na kinyama, hayana budi kukubaliana. Yasipokubaliana, uchunguzi haujakwisha. Sindano nene itumike, au kinyama kichukuliwe kwa upasuaji mdogo.

Sindano nene ina faida nyingine inayosahaulika. Hukata kipande kizima, seli pamoja na matriksi yake, hivyo daktari wa patholojia anaweza kuona kama seli zimekwisha kuvuka ule mkeka wa laminini na kolajeni. Saratani iliyo bado ndani ya mrija na ile iliyouvuka mkeka ni hali mbili tofauti kwa matibabu na kwa matarajio ya mgonjwa, na seli zilizonyonywa peke yake haziwezi kuzitenganisha. Kipande hicho pia hutumika kupima vipokezi vya homoni na HER2, ambavyo bila ya kuvijua dawa huchaguliwa kwa kubahatisha.

Tahadhari moja yahitajika. Si kila saratani ya titi ni ngumu. Ipo inayotoa ute na kuwa laini, na ipo inayosambaa ndani ya titi bila kufanya donge. Kwa hiyo ulaini haumwondolei mtu uchunguzi. Tena matiti ya wanawake wengi vijana yana kolajeni nyingi kwa asili yake, jambo linaloifanya picha ya mamografia iwe nyeupe kote na kuuficha uvimbe, nao pia huonekana mweupe. Kwao ultrasaundi hufaa zaidi kuanza nayo.

Swali la pili ni gumu zaidi, kwa kuwa limefungamana na hofu. Wako wanawake wanaokataa sindano kwa kuamini kwamba saratani ikiguswa na chuma hutawanyika. Kuwacheka hakusaidii, maana imani hiyo ina chanzo: wengi wamemwona ndugu akifanyiwa kipimo kisha akafariki baada ya miezi michache, bila kuelezwa kwamba alifika hospitali ugonjwa ukiwa umekwisha kusambaa. Jibu la kweli ni hili. Seli chache zimewahi kuonekana katika njia iliyopitiwa na sindano. Lakini seli iliyong'olewa katika matriksi yake kwa kawaida hufa. Mwaka 1994 wanasayansi walikipa kifo hicho jina la anoikisi, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kukosa makao. Hakuna ushahidi kwamba wanawake waliochukuliwa kinyama kwa sindano hufa zaidi kwa sababu yake. Linalowaua ni muda unaopotea.

Hata saratani inayosambaa yenyewe haitui popote tu. Mwaka 1889 daktari mpasuaji wa Uingereza, Stephen Paget, alikusanya kumbukumbu za wanawake 735 waliofariki kwa saratani ya titi. Ini lilikuwa limeshambuliwa kwa wanawake 241, wengu kwa 17 tu, ingawa wengu nao hupata damu nyingi. Alihitimisha kwamba mbegu huota katika udongo unaoifaa. Leo sehemu ya udongo huo inajulikana kwa majina: tenasini na periostini ni protini za matriksi ambazo, katika majaribio ya panya, zimeonekana kuzisaidia seli za saratani ya titi kuota kwenye mapafu.

Je, kuna dawa inayoilenga matriksi? Jaribio mashuhuri liliishia pabaya. Dawa iitwayo marimastat ilitengenezwa ili kuvizuia vimeng'enya vinavyoikata matriksi na kuzifungulia seli njia. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2004 yalionyesha kwamba kwa wanawake ambao saratani ya titi ilikuwa imesambaa, haikuchelewesha ugonjwa, na iliwaletea maumivu ya viungo na misuli. Vimeng'enya hivyo, ilibainika, vina kazi nyingi, na baadhi yake humlinda mgonjwa.

Wauzaji wa unga wa kolajeni nao wana wateja miongoni mwa wagonjwa, na wengine huuliza iwapo unga huo utaulisha uvimbe au utauponya. Kolajeni inayoliwa humeng'enywa tumboni kama protini ya maharage au ya dagaa, haiendi kujishona kwenye titi. Haijathibitishwa kuitibu saratani. Mgonjwa anayeitumia amweleze daktari wake, na fedha zikiwa chache, nauli ya kufuata majibu ya kinyama itangulie.