Moshi Ndani ya Dhiil

Kabla ya maziwa ya ngamia kuingia chomboni, huingia moto. Katika maboma ya wafugaji wa Garissa na Wajir, mama huosha dhiil, chombo kilichosukwa kwa nyuzi za mimea, kisha hutumbukiza ndani yake kijinga chenye makaa mekundu. Hukifunika chombo, akakitikisa hadi moshi ushike kila upande. Ndipo maziwa humiminwa.

Harufu hiyo si pambo. Kuni zikiungua, lignini, ile iupayo mti ugumu, huvunjika na kutoa fenoli, mojawapo ikiwa gwayakoli. Fenoli hizo hunata kwenye kuta za chombo, zikaingia maziwani polepole. Ulimi peke yake hutambua machache: utamu, chumvi, uchachu, uchungu na ukolezo kama wa supu ya nyama. Mengi mengine tuyaitayo ladha ni kazi ya pua, mvuke unapopanda kutoka kooni.

Watengenezaji wa wiski katika kisiwa cha Islay, Uskoti, hukausha shayiri kwa moshi wa udongo wa mboji, na gwayakoli hiyohiyo husikika katika kinywaji chao. Mwaka 2001 ilitoka glasi ya wiski iitwayo Glencairn, yenye tumbo pana na mdomo mwembamba, ili harufu ikusanyike chini ya pua. Glasi ile hukusanya harufu iliyokwisha kuwamo. Dhiil huileta yenyewe.

Tena moshi huyalinda maziwa. Fenoli hupunguza kasi ya bakteria waharibifu. Maziwa yakikaa siku moja au mbili bila kupozwa, bakteria wa asidi ya laktiki huyachachusha yakawa suusac. Hayagandi kama ya ng'ombe, kwa kuwa yana kapa-kaseini kidogo. Hubaki mepesi, uchachu na moshi vikiandamana.

Biashara imebadili chombo. Kutoka Garissa hadi Eastleigh, Nairobi, ni zaidi ya kilomita 350, na maziwa mengi husafirishwa katika mitungi ya plastiki: myepesi, ya bei nafuu, isiyovunjika. Lakini shingo yake haipitishi mkono, na mikwaruzo ya ndani huficha mabaki yasiyofikiwa na sabuni. Ndiyo maana wataalamu wa maziwa husisitiza makopo ya aluminiamu yenye mdomo mpana.

Hata hivyo, wapo wauzaji wanaofukiza hata mtungi wa plastiki, wakichunga usiyeyuke, maana mteja akifungua kizibo hunusa kwanza.