Kontena si lako, gharama ni yako!

Ukisikia muuza duka wa Usevya amepandisha bei ya tairi la pikipiki, halafu anajitetea eti "mzigo ulikwama bandarini", usimcheke. Huenda meli hajaiona hata siku moja, lakini inamla mfukoni vilevile.

Iko hivi. Tairi limetoka China ndani ya kontena, na hilo boksi mara nyingi ni mali ya kampuni ya meli. Mwenye mzigo anapewa siku chache za bure. Zikiisha, mita inaanza kusoma! Bandari inadai storeji, mwenye kontena naye anadai demureji. Mfanyabiashara wa Kariakoo halii peke yake, bwana. Anapachika kwenye bei ya jumla, na Usevya, zaidi ya kilometa 1,000 kutoka Dar, mnalipa bila risiti.

Ndiyo maana meli na bandari zikielewana ni nafuu yetu. Wakubwa wameamua kuoana kabisa. Maersk ya Denmark, kupitia ndugu yake APM Terminals, ina hisa katika bandari ya Salalah, Oman. Meli kubwa zinashusha pale, nyingine zinasambaza. Februari 2025 Maersk na Hapag-Lloyd ya Ujerumani wakaanza kuchangia meli, wakitegemea zaidi bandari ambazo wana mkono ndani yake.

Na Dar? TICTS iliyoanza mwaka 2000 iliondoka mwishoni mwa 2022. Oktoba 2023 DP World ya Dubai ikasaini mkataba wa miaka 30, na 2024 Adani ya India na wenzake wakachukua gati namba 8 hadi 11. Vijiwe viliwaka moto! Lakini mimi sikusikia kijiwe hata kimoja kikiuliza: kontena tupu litarudije?

Hapo ndipo penye utamu. Bidhaa za Kariakoo zinafunguliwa hukohuko Dar, kisha zinakuja kwa lori, kwa sababu nani atathubutu kulileta boksi la watu Katavi huku siku zinahesabiwa? Mpunga wetu nao unatoka kwa magunia. Wakati reli ya kutoka Kaliua, kilometa 210, inaishia Mpanda! Kampuni za meli zikikubali kupokea kontena zao pale Mpanda, boksi litakuja na tairi na kuondoka na mchele. Na Karema, bandari ya ziwani iliyomeza karibu sh. bilioni 48, iko mkoa huuhuu, inatazamana na Kongo.

Wenye meli, mnasemaje? Muuza tairi anasubiri.