Gia za Trekta: Mwendo na Nguvu

Leo tuzungumze juu ya gia za trekta. Madereva wengi wanazijua kwa mwendo tu: gia ndogo ya polepole, gia kubwa ya mbio. Hiyo ni nusu ya habari. Gia haizai nguvu. Kazi yake ni kupunguza mwendo ili nguvu ya kuvuta iongezeke, au kinyume chake.

Tuanze na starta. Mota yake ni ndogo, lakini inazungusha injini nzito. Inawezaje? Mbele yake kuna gia ndogo, tuseme ya meno 10. Inashikana na meno ya flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, tuseme meno 120. Basi gia ndogo huzunguka mara 12 ndipo flaiwili izunguke mara 1. Mwendo umepungua mara 12, nguvu ya kuzungusha imeongezeka karibu mara 12. Kidogo hupotea kwa msuguano. Injini ikiwaka, achia ufunguo mara moja. Ikikataa kuwaka, usishikilie ufunguo kupita sekunde 10; ipumzishe starta dakika 1 au 2, isije ikaungua.

Sasa twende shambani. Kutoka kwenye injini hadi magurudumuni, mwendo hupunguzwa kwenye giaboksi, halafu kwenye difu, na kwa matrekta mengi hupunguzwa tena karibu na magurudumu. Tuseme katika gia ya kulimia injini huzunguka mara 120, gurudumu la nyuma mara 1. Injini ikienda mizunguko 1,800 kwa dakika, gurudumu huzunguka mara 15. Ikiwa mzingo wake ni mita 4.4, trekta itakwenda mita 66 kwa dakika, yaani kama kilomita 4 kwa saa. Ni mwendo wa mtu anayetembea, nao unalifaa plau.

Gia ya barabarani, tuseme ya 20 kwa 1, ingekupa kilomita 24 kwa saa, lakini nguvu ya kuvuta ingebaki sehemu moja tu ya sita. Ukilazimisha kulimia gia kubwa, injini inalemewa, moshi mweusi unatoka, na dereva anachezea klachi mpaka inaungua. Hapo jirani anapanda, wewe unahangaika kutafuta vipuri na mvua ndiyo hiyo inapita.

La mwisho ni mteremko. Hapo mzigo ndio unaoisukuma trekta. Ukiwa katika gia ndogo, magurudumu yanalazimika kuizungusha injini mara nyingi, nayo inayazuia. Ukiweka frii au ukikanyaga klachi, umeuondoa msaada huo. Zimebaki breki peke yake, na trela lililojaa mahindi laweza kuzishinda. Kwa hiyo tia gia ndogo kabla hujaanza kuteremka. Ukingoja katikati, huenda isiingie tena.

Kwa leo tuishie hapa. Kilimo chema.