Vytautas: Asili na Maana ya Jina la Kilituania

Makala haya yanachunguza jina moja la kiume la Kilituania, lugha ya jamii ya Kibaltiki iliyo ndugu ya Kilatvia. Jina lenyewe ni Vytautas. Ingawa lilivuma kwa ajili ya mtawala mmoja, muundo wake ni ule wa majina mengi ya kale ya taifa hilo.

1. Muundo

Jina hili lina sehemu tatu: vy-, -taut- na -as. Sehemu ya mwisho haina maana ya kikamusi; yaonyesha jinsia ya kiume, umoja na nafasi ya kiima. Kiswahili huonyesha ngeli mwanzoni mwa neno (mtu, watu), bali Kilituania huonyesha uhusiano wa kisarufi mwishoni. Hivyo kitu cha Vytautas huwa ni cha Vytauto, na mwenye kumwita husema Vytautai. Mwanamke huitwa Vytautė.

2. Maana

Mzizi taut- watokana na tauta, yaani watu au taifa. Ni mzizi wa kale sana, uliozaa pia neno deutsch ambalo Wajerumani huitia lugha yao. Utata umo katika mzizi wa kwanza. Wako wanaouhusisha na kitenzi vyti, kufukuza. Wengine huuhusisha na vyd-, kuona, unaopatikana katika jina Tautvydas. Kwa rai ya kwanza, jina lamtaja mwenye kuwafukuza watu, ndio maadui. Kwa rai ya pili, mwenye kuwaona watu. Hata hivyo, si lazima kulisoma kama sentensi. Mizizi ileile iliunganishwa kwa namna mbalimbali katika majina mengi, na kila mmoja ulibeba sifa yake.

3. Historia

Vytautas Mkuu alitawala Lituania tangu 1392 hadi alipofariki mwaka 1430. Mwaka 1410, pamoja na binamu yake Jogaila, mfalme wa Poland, aliwashinda wapiganaji watawa wa Kijerumani huko Žalgiris. Naye pia alikuwa na jina la ubatizo, Aleksandras. Baada ya nchi kupokea Ukatoliki mwaka 1387, majina ya watakatifu yalitwaa nafasi ya majina ya wazee, nayo yakasalia hasa katika majina ya ukoo.

Chini ya Urusi, uchapaji wa Kilituania kwa herufi za Kilatini ulipigwa marufuku tangu 1864 hadi 1904. Waliotetea lugha waliyahuisha majina pia. Mwaka 1930, miaka 500 baada ya kifo cha mtawala huyo, Chuo Kikuu cha Kaunas kilipewa jina lake. Tarehe 11 Machi 1990, bunge lililotangaza kurejeshwa kwa uhuru liliongozwa na Vytautas Landsbergis, aliyezaliwa mwaka 1932.

Kwa hiyo maana ya jina hili haimo katika mizizi yake peke yake. Wazazi waliolichagua katika karne ya 20 hawakuhitaji kujua kama vy- ni kufukuza au kuona. Iliwatosha kwamba ni neno la lugha yao.